Gari Linakunywa Maji? Tandika Boksi Kabla Hujanunua Rejeta

Krismasi ya mwaka juzi tulikuwa tunapanda Marangu kutoka Himo, mke wangu mbele, watoto na gunia la mchele nyuma, tunaenda kwa mama. Kabla ya kufika Mtoni, mshale wa joto wa Toyota Altezza yangu ya 1999 ukaanza kusogea. Nikafungua vioo vyote na kuwasha hita hadi mwisho, maana hita nayo ni rejeta ndogo, inapunguza joto la injini. Watoto walipiga kelele, lakini mshale ulitulia kidogo nikapata pa kuegesha.

Kijana mmoja akaja mbio na kidumu cha maji ya mfereji, mkono mwingine tayari uko kwenye kifuniko cha rejeta. Nikaudaka. Rejeta iliyochemka ukiifungua inakutemea usoni, na ngozi hairudi dukani. Tulikaa karibu saa nzima ndipo nikafungua, na maji ya mfereji nikayatia kwa sababu sikuwa na mengine.

Ukweli ni kwamba gari lilikuwa limenipa taarifa wiki tatu kabla. Kila Jumamosi nilikuta kulanti, yale maji ya rangi ya kupoza injini, imepungua, lakini chini pakavu. Naegesha juu ya changarawe, na changarawe inakunywa kila kitu. Fundi mmoja pale Arusha akachungulia mbele, akaona unyevu: "Bosi, rejeta imekufa." Nikanunua nyingine ya mtumba. Wiki iliyofuata maji yamepungua vilevile. Akapendekeza bizari, eti inaziba yenyewe. Inaziba kweli, na vijia vyembamba vya hita navyo inaviziba. Nikakataa. Akasema basi tutoe themostati, "nchi ya joto hii." Nchi ya joto ipi? Huyo hajawahi kuwasha gari kwetu Sakina, Arusha, saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba. Themostati ni kama mlango wa maji: inabaki imefungwa hadi nyuzi 82 hivi ili injini ipate moto wake haraka. Ukiitoa, hujaziba tundu lolote, umeongeza tu mafuta ya kununua.

Tulipokuwa tunarudi nikapita Moshi kwa fundi mzee mmoja wa Majengo. Nikamwamkia, nikaanza kumweleza habari za rejeta. Akanikatiza: "Mwanangu, umeliona tone?" Sikuwa nimeliona. Akaniambia nikazunguke kidogo mjini, nikirudi niegeshe juu ya boksi lililokunjuliwa. Baada ya nusu saa lilikuwa na doa la waridi, dogo kama sarafu ya mia, nyuma kidogo ya rejeta, usawa wa mbele ya injini.

Injini ilipopoa akafunga pampu ya mkono mahali pa kifuniko, akajaza upepo hadi kama baa moja. Kipimo hiki ndicho kinachomaliza ubishi, kwa sababu mfumo unavuja kama unavyovuja barabarani ila wewe huungui. Akamulika tochi. Kwenye kava la taimingi belti, mkanda unaopanga mwendo wa vali za injini, palikuwa na michirizi ya ukoko wa waridi uliokauka, na tone likachungulia. Wota pampu, ile inayozungusha kulanti. Kwenye 3S-GE, injini ya Altezza yangu, inazungushwa na taimingi belti, imejificha nyuma ya kava. Ina tundu dogo lililowekwa makusudi: sili ikichoka, maji yanatokea hapo. Nilibadilisha pampu, belti na themostati kwa mkupuo mmoja, maana kazi ya kufungua ni ileile.

Kifuniko pia tulikipima. Msikidharau. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko kizima kinabana presha hadi kulanti inavuka 110 bila kuchemka. Kikilegea, unachemsha mlimani hata kama hakuna kinachovuja.

Kama boksi ni kavu na maji bado yanaisha, nusa ndani ya gari. Harufu tamu, kioo kinachopata ukungu wa mafuta na zulia bichi ni hita inayovuja. Moshi mweupe usioisha, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa, ni hedi gasketi, ile iliyo kati ya bloku na kichwa cha injini, imekufa. Hapo usiwashe tena, ita gari la kuvuta.

Maji ya mfereji tuliyamwaga, tukasuuza mara tatu hadi matope yakaisha. Ya bomba ya Arusha sikutia; kwa floridi yake yameshatupaka meno rangi, sitaki kujua yanafanya nini ndani ya aluminiamu. Nusu kulanti, nusu maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri (siyo asidi, soma chupa). Pua ya gari ikae juu kidogo, hita wazi, minya mipira ya rejeta hadi mapovu yaishe na mpira wa juu na wa chini yote iwe ya moto. Kulanti uliyomwaga usiiache kwenye beseni. Ni tamu, mbwa anailamba, na ni sumu.

Boksi bado ninalo. Jumamosi iliyopita nililivuta, nikakuta tone. Nikachutama, nikaligusa, nikalisugua kati ya vidole. Jeusi, linateleza. Oili.