Pembesita haigawi haki yenyewe

SWALI: Nachora ramani ya mchezo wa kuteka maeneo. Ni pembesita moja kubwa yenye vyumba 61, yaani vitano kila upande. Wachezaji ni 4, kila mmoja anaanzia kwenye kona. Kona 2 zinazobaki nimezitenganisha, katikati yake kakaa mchezaji mmoja, na huyo hushinda karibu kila mara. Nimeambiwa vyumba vya pembesita huleta usawa vyenyewe. Niongeze vifike 91?

JIBU: Usiongeze. Chukua ramani uhesabu hatua kwa kidole. Kutoka kona hadi kona jirani ni hatua 4. Kuruka kona moja ni hatua 8, na hadi kona ya mkabala ni 8 vilevile, jambo ambalo wengi hawaamini mpaka wahesabu. Sasa mtazame mshindi wako: kulia kona tupu, kushoto kona tupu, adui wa karibu yuko hatua 8. Aliye mkabala naye ana maadui wawili kwa hatua 4, mmoja kila ubavu. Mmoja anavuna, mwenzake anapigwa huku na huku. Ukifika vyumba 91, hatua zitakuwa 5 na 10. Dhuluma ni ileile, karatasi tu ndiyo imekua.

Hilo neno la "usawa wa pembesita" limeharibu ramani nyingi. Maana yake ni ndogo: chumba cha ndani kina majirani 6, na umbali wa kati hadi kati ni mmoja kwa wote, kwa hiyo hakuna ubishi wa mshazari kama kwenye vyumba vya mraba. Basi. Huo ni usawa wa chumba, si wa mchezaji, na ukifika ukingoni unakufa: chumba cha ukingoni kina majirani 4, cha kona 3. Pima mwenyewe. Anayeshika kona na kila chumba kilicho ndani ya hatua 2 kutoka hapo ana vyumba 9, na analinda 5 tu. Anayeshika chumba cha katikati na majirani zake ana 7, na lazima alinde 6.

Risk, mchezo wa mezani wa kuteka ramani ya dunia, haina pembesita hata moja, lakini ugonjwa ni huohuo. Australia ina maeneo 4 na mlango mmoja tu, Siam, na inalipa askari 2 kila zamu. Asia inalipa 7, ila ina maeneo 12 na milango kila upande. Wachezaji wazoefu hukimbilia wapi? Kinachoamua ni milango.

Kwa ramani yako, hamisha kona tupu ziwe mkabala. Kila mchezaji atakuwa na adui mmoja kwa hatua 4 na wawili kwa hatua 8. Ubaya wake ni kwamba majirani watamalizana mapema, wawili wawili. Kwa hiyo, kwenye kila upande unaounganisha majirani hao, ziba chumba cha katikati cha ukingoni na viwili vinavyokigusa kwenye safu ya pili. Njia yao itapanda kutoka hatua 4 hadi 6, na zile za 8 hazitaguswa. Vinabaki vyumba 55.

Sasa jihadhari na dawa mbili za mitaani. Ya kwanza ni programu inayomwaga milima na mito kwa bahati nasibu, kisha ikaitwa ramani. Ya pili, mbaya zaidi, ni kumpa aliyekaa pabaya askari wa ziada mwanzoni. Askari hao wanaisha baada ya zamu mbili tatu. Umbali unamuumiza hadi mwisho. Kisha mchezo wako una kanuni ya ziada ambayo hakuna anayejua ilitokea wapi.

Na anayekuletea pembesita kamili ya wachezaji 5 "yenye usawa kamili", mwambie akuhesabie hatua mbele yako. Ukiizungusha pembesita inajilalia sawasawa kwa mafungu 2, 3 au 6. Wanne wanawezekana kwa kuakisi tu, kama ulivyoelekezwa hapo juu. Watano hawapo.

Kabla hujapaka rangi, andika kwa penseli jedwali la hatua za kila mchezaji hadi kwa kila adui. Safu zisipofanana, rudi kwenye kona. Zikifanana na bado anayeanza kucheza anashinda mno, hapo kosa ni la zamu: mpunguzie askari wa zamu ya kwanza, ramani iache.