Mwani wa kahawia: yajue haya kabla hujapanda basi la Mombasa

Nyinyi vijana munaosoma mambo ya samaki hapa Uganda, wengi munaniuliza habari za kulima mwani wa kahawia baharini na mimi nafurahi kweli, maana nilipoenda sikuwa na mtu wa nyumbani wa kuniambia chochote. Nawapa nilichojifunza kule upande wa Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya.

Kwanza sahau ziwa. Sisi wa Masese, kwenye Ziwa Viktoria kule Jinja, maji tunayaacha asubuhi tunayakuta palepale jioni, lakini bahari inatoka na kurudi mara mbili kwa siku na kila siku inachelewa kama dakika 50, sasa ukipanga kazi kwa saa ya ukutani utafika ukute maji yako shingoni. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndio bamvua, maji yanaenda mbali na unapata muda wa kukagua kamba vizuri, yakija maji mafu, yale yasiyotoka mbali, utakaa ufukweni tu. Muulize mama yeyote wa kule, atakwambia leo maji yanatoka saa ngapi bila kuangalia simu.

Sasa hapa ndio wengi wanapotea. Mwani unaolimwa sana Kwale, kaunti ilipo Shimoni, na Zanzibar ni ule mwekundu, spinosamu na kotonii, hata kama kwa macho unaweza kuuona wa kijani au wa kahawia. Ule unakata kipande, unakifunga kwenye kamba kwa taitai, yaani vikamba vidogo vya kufungia, kama wiki 6 hivi unavuna, halafu vipande vingine ndio mbegu yako tena. Mimi nikachukua sargasamu, huo ndio wa kahawia wenye vipovu vya hewa kama punje za pilipili manga, nikaufunga vilevile, vipande 200. Wiki ya tatu nilipoinua kamba majani yalikuwa yanadondoka mkononi, vijiti vitupu. Iliniuma sana. Yule mama aliyenipokea akakishika kimoja akaniambia, "Mwanangu, huu umeuacha mguu wake kwenye mwamba." Na kweli, sargasamu uhai wake uko kwenye kitako kinachoshika jiwe, ukikiacha kitako kinachipua tena, lakini tawi lililokomaa ukilikata linazeeka na kufa.

Kwa hiyo mbegu lazima uizalishe. Tafuta matawi yenye vinundu vidogo pembeni ya majani, hapo ndio kuna mayai, yaweke kwenye tanki la maji safi ya bahari lenye kamba au vibao vya saruji chini, miche itadondoka na kushika. Inataka subira, iachwe ikue kwanza ndio uipeleke baharini, la sivyo tasi, samaki wanaokula mwani, wanaitafuna haraka. Na zile video za kelpu za China na Korea musizifuate, kelpu ni mwani mwingine wa kahawia unaotaka maji baridi, kule Shimoni bahari ni digrii 25 mpaka 30, itakufa banange!

Kukausha munakujua tayari, ni kama mukene, dagaa wetu wa ziwani. Ukianika kwenye mchanga bei inaanguka, weka chanja, mvua ikitishia funika haraka.

Kuhusu soko nitasema wazi, wanunuzi niliowakuta mimi walitaka mwekundu, kwa sababu ya karajinani, ute wake wa kuzitisha vyakula. Wa kahawia unatoa aljineti, ile ya kuzitisha aiskrimu na rangi za kuchapa vitambaa, kwa hiyo tafuta mnunuzi kabla ya kufunga hata kamba moja. Na usikimbilie kuuza kama chakula cha watu au mifugo kabla haujapimwa maabara, sargasamu inakusanya aseniki, ambayo ni sumu. Wala musiende kung'oa ule wa porini kwenye miamba, samaki wadogo wanajificha humo na wavuvi wa pale watawafukuzeni nyinyi, kwa haki kabisa.

Viatu vya kuingilia majini nunueni kabla ya yote.