Fundi bomba: chuo au mtaani?

SWALI: Nimemaliza kidato cha nne, na tangu mwaka jana namsaidia fundi bomba hapa Morogoro. Je, ni lazima niende chuo ili nipate cheti?

JIBU: Si lazima. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha ufundi bomba kuanzia hatua ya kwanza hadi ya tatu, na pia huwapima na kuwarasimisha mafundi waliojifunzia kazini. Hata hivyo, kwa uzoefu wako mfupi, ningekushauri uende chuo, kwa kuwa huko utajifunza kusoma ramani na kukokotoa mteremko wa bomba la majitaka, mambo ambayo msaidizi wa mtaani huyafundishwa kwa nadra.

Mikono nayo ina somo lake. Bomba la PPR, yaani la plastiki inayounganishwa kwa joto, la milimita 20 huwekwa kwenye mashine yenye joto la nyuzi 260 za Selsiasi kwa takriban sekunde 5, kisha husukumwa moja kwa moja ndani ya kiungio bila kuzungushwa. Likizidishiwa moto, plastiki hujikunja ndani na kubana njia ya maji, kasoro ambayo mwenye nyumba huigundua akiwa ameshalipa. Wakati wa likizo, rudi kwa fundi wako, na umwombe akuachie kazi ya kupima presha kabla ukuta haujapigwa plasta.