Mchicha ule usiupike, mwanangu

Mwanangu Neema,

Picha ya mchicha ulioota nyuma ya nyumba uliyopanga, pale fundi wa zamani alipokuwa akivunja betri za kila aina, nimeitazama sana. Majani mapana, kijani kibichi kweli. Unaniuliza: "Mama, kama udongo una sumu, mbona haujafa?"

Haujafa kwa sababu sumu umeifungia.

Unakumbuka ngozi ya kitunguu maji cha zambarau niliyokuonyesha kwenye hadubini ya shule? Ile rangi haikuenea seli nzima. Ilijaa kwenye kifuko kimoja kikubwa, vakuoli, ambacho kwa seli iliyokomaa kinaweza kuchukua hata asilimia 90 ya nafasi. Mmea huweka humo vitu usivyotaka vizurure ndani ya seli.

Sehemu kubwa ya risasi, ile metali ya betri, hukwama mizizini, imenaswa na pektini, gundi ya kuta za seli. Kadimi, metali nyingine yenye sumu ya betri, ndiyo inayonitia hofu. Inafanana na zinki na chuma, basi hupita kwenye milango ya madini hayo kama mwenyeji. Ikishaingia hung'ang'ania salfa iliyomo kwenye protini, na protini zinashindwa kazi. Lakini seli ina kimeng'enya kilichokaa tayari. Kadimi ikitokea, kinaamka na kuanza kuunganisha vipande vya glutathioni, molekuli ndogo iliyomo ndani ya seli, kuwa mnyororo mfupi uitwao fitokelatini, uliogunduliwa Ujerumani mwaka 1985. Kila kipande kina salfa yake, kwa hiyo kadimi inashikwa hapo kabla haijaharibu kitu. Kisha pampu za kwenye utando wa vakuoli huusukuma ndani mnyororo pamoja na mzigo wake. Nimefundisha somo hili miaka mingi na bado linanistaajabisha: mmea hauna ini wala figo, na hauwezi kuhama, ila umejitengenezea haya yote.

Mahali pa kufungia ndipo penye kazi. Mpunga mwingi huifungia kadimi kwenye seli za mizizi, punje ikapata kidogo tu. Zipo aina ambazo pampu yao ya huko mizizini, HMA3, ina kasoro, na kwa hizo kadimi hupanda mpaka kwenye mchele. Mchicha nao huipandisha mpaka majanini, na majani ndiyo mboga yetu. Ukiyatafuna unavipasua vile vifuko, na mzigo unabaki kwako. Usidhani kuchemsha kutasaidia. Metali haiungui kwa moto wa jikoni.

Kwa hiyo ung'oe wote, mwanangu, uoshe mikono, na mtoto asichezee vumbi la pale, maana risasi imo humo. Panda mwingine kwenye viroba vya udongo uliotoka mbali na gereji. Mbegu nitakuletea nikija. Na huo utakaoung'oa usiwatupie kuku, kwani risasi huingia mpaka kwenye mayai.

Mama yako