Sindano, kidonge na nafuu isiyo ya uongo: maswali yenu

Mgongo ukinibana, vidonge havinisaidii mpaka nichomwe sindano. Binti yangu anasema ni imani tu. (Mama, Kiboriloni, Moshi)

Mama, binti hajakosea, ila hilo neno "tu" silikubali. Sindano hufikisha dawa upesi, lakini na mwili wako umejifunza: harufu ya spiriti, pamba ya baridi, nesi anayekuuliza umeamkaje. Ubongo ukiviona huanza kazi yake. Watafiti wa Turin, Italia, waliwapa dawa ileile ya maumivu wagonjwa waliotoka kwenye upasuaji. Wengine waliipata kwa daktari aliyewaambia, wengine kwa mashine bila wao kujua. Waliofichwa walihitaji dozi kubwa zaidi. Hata hivyo usidai sindano kila mara. Isiyo ya lazima huweza kuleta jipu.

Shikamoo daktari. Niliteguka mguu kwenye bodaboda. Kama kidonge kisicho na dawa kingenituliza, basi nilikuwa siumwi? (Kijana, Pasua)

Marahaba. Ulikuwa unaumwa kabisa. Mwaka 1978 huko San Francisco, Levine, Gordon na Fields walichunguza watu waliong'olewa magego. Wapo waliopata nafuu kwa plasebo, yaani kitu kisicho na dawa ndani. Walipopewa naloksoni, inayozuia mofini (dawa kali ya maumivu), maumivu yakazidi. Maana yake ubongo ulikuwa unatoa endofini, mofini yake wenyewe. Nafuu ya kujifanya haizimwi na naloksoni.

Nasomea uuguzi Arusha. Ni sawa kumpa mgonjwa plasebo kwa siri?

Hapana. Akigundua, hatamwamini hata mwenye dawa ya kweli. Tena siri si lazima: mwaka 2010 Ted Kaptchuk wa Harvard na wenzake walichukua wagonjwa 80 wenye tumbo la kusokota. Walioambiwa wazi kuwa vidonge vyao havina dawa walipata nafuu kuliko wasiopewa kitu. Na ukimchoma mtoto sindano, usimwambie "hii itauma sana". Maneno hayo nayo huumiza.

Shangazi alikunywa kikombe cha Loliondo mwaka 2011, magoti yakatulia. Ilikuwaje? (Ngarenaro)

Sitamwambia hakupata nafuu. Safari ndefu hadi kijiji cha Samunge, foleni, watu wengi wenye tumaini moja, kisha kikombe cha mitishamba cha shilingi 500 kutoka kwa mchungaji mzee: matarajio mazito kuliko hayo sijui utayapata wapi. Magoti pia hupanda na kushuka yenyewe. Ninachokihofia ni kingine. Tumaini hutuliza maumivu, lakini haliui virusi vya UKIMWI, na presha hupanda bila kuuma popote. Kama shangazi ana dawa za kila siku, mpigie leo umuulize kama bado anazimeza.