Kabla hujanunua vakyumu ya kazi hapa Lamu

Mtu akitaka kuingia kazi ya kusafisha mazulia, na anatafuta vakyumu, yaani mashine ya kufyonza vumbi, swali lake huwa ni lile lile: "Ninunue ya wati ngapi?" Wauzaji wa Mombasa wameshalizoea. Ndiyo maana wati huandikwa kwa tarakimu kubwa ubavuni mwa mashine, na mengine yote yakajificha kwenye kibandiko chini ya tumbo lake. Wati ni umeme ambao mashine inakula, basi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mashine za nyumbani za zaidi ya wati 1600 mwaka 2014, kisha mwaka 2017 ukashusha kiwango hadi 900, na sijasikia kwamba mazulia ya huko yamechafuka kwa sababu hiyo.

Tazama mkazo wa mvuto, yaani nguvu ya mashine kuvuta, halafu tazama wingi wa hewa inayopita. Muuzaji hupenda kukuwekesha kiganja kwenye mdomo wa mpira, ukivutwa unashtuka, unatoa pesa. Hapo umeonyeshwa mkazo peke yake, maana kiganja kimeziba na hewa haipiti. Zulia linataka hewa nyingi ipenye katikati ya nyuzi na kutoka na uchafu. Kwenye karatasi ya mashine za kazi wingi huo wa hewa huandikwa kwa lita kwa sekunde. Omba karatasi hiyo, na asiyekuwa nayo mshukuru uende zako.

Sasa njoo kwenye uchafu wetu. Lamu zulia huchafuka kwa mchanga kuliko kitu kingine chochote. Ule wa Shela, kijiji chetu cha ufukweni, ni mwembamba na mkavu, huingia na nyayo za wageni wanaotoka pwani, na upepo wa kusi ukishika huingia wenyewe madirishani. Pamoja nao kuna chokaa. Nyumba za mawe zimepigwa lipu ya chokaa, nayo hupukutika mwaka mzima, unga mweupe laini ambao huuoni mpaka ufute. Kuna na manyoya ya paka, na mkaazi wa Amu hahitaji kuelezwa hilo.

Mchanga haukai juu. Unashuka mpaka kwenye shina la nyuzi, na kila anayekanyaga anausugua pale pale, ndipo unaona njia ya mlangoni imenyonyoka ilhali pembeni zulia bado jipya. Mwenye nyumba haoni mchanga, anaona doa la kahawa. Atakwambia, "Lipige maji tu, mwanangu, na sabuni nyingi." Ukimtii kabla ya kutoa mchanga, umekoroga matope ndani ya zulia. Likikauka linakuwa gumu chini, na masika yakiingia linanuka uvundo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: sehemu kubwa ya mtaji wako iweke kwenye mashine ya vumbi, ile kavu. Ya maji inaweza kusubiri, hata ikakodishwa siku ya kazi. Wengi hufanya kinyume, nami najua sababu. Mashine ya maji inatoa ndoo ya maji meusi, mteja anaiona, anafurahi, analipa bila kunung'unika. Mashine kavu inamaliza kazi yake kimya na hakuna wa kuipigia makofi. Lakini maji yale meusi mengi yake ni vumbi ambalo lingetoka kavu, kwa urahisi na bila kuloanisha kitambaa cha chini.

Katika mashine kavu, kitu cha kutumia muda kukichagua ni kichwa chake, kile kinachogusa zulia. Kichwa chenye mdomo mtupu kinafaa sakafu na mikeka. Kwa zulia la nyuzi zilizosimama unahitaji brashi inayozunguka, ipige nyuzi na kuuinua mchanga. Brashi hizo ni za namna mbili: kuna inayozungushwa na hewa inayofyonzwa, na kuna yenye mota yake ndani ya kichwa. Ya hewa ni rahisi, lakini ikandamize kwenye zulia nene uone, inapunguza mwendo hadi inasimama, na hewa inayoitumia ndiyo ambayo ungeitaka kwa kufyonza. Ya mota nunua, tena iwe inapandishwa na kushushwa kulingana na urefu wa nyuzi, na iwe na swichi ya kuizima. Bila swichi hiyo usiichukue. Zulia la kufumwa kwa mkono lenye matamvua, au lile la vitanzi, brashi ikinasa uzi mmoja huvuta mstari mzima, na hapo utazungumza na mwenye nyumba kwa lugha nyingine.

Ukienda dukani chukua kipande cha zulia na mchanga kwenye kopo. Umwage kiganja kimoja, uukanyage kwa kisigino mpaka upotee, halafu mwombe muuzaji apitishe mashine mwenyewe, mara mbili kwenda na kurudi. Sasa ligeuze kipande juu ya gazeti, ulipige mgongo kwa kiganja. Sikiliza. Mchanga uliobaki utausikia ukidondoka kwenye karatasi kabla hujauona. Kwa jaribio hili nimeona mashine ghali zikiaibika mbele ya mashine ya bei ya kati. Muuzaji anayekataa kukuruhusu ana sababu zake.

Chokaa ni kesi nyingine, kesi ya chujio. Mashine zisizo na mfuko, zile zenye kikombe cha plastiki angavu unaona vumbi likizunguka, zinapendeza nyumbani. Kwa unga wa chokaa, mwingi hupita kikombe na kwenda kujaza chujio, na kabla hujamaliza msana mmoja, yaani ukumbi mmoja mrefu wa nyumba ya mawe, nguvu imekwisha. Mbaya zaidi, mashine nyingi kavu hupooza mota kwa hewa hiyo hiyo inayofyonzwa. Chujio likiziba, mota inachemka, na harufu ya waya kuungua utaijua. Mimi nachagua yenye mfuko wa kitambaa cha sintetiki, si wa karatasi, maana unaendelea kupitisha hewa hata ukikaribia kujaa. Nyuma yake kuwe na chujio la HEPA la daraja la H13, ambalo hunasa asilimia 99.95 ya zile chembe zilizo ngumu kuliko zote kunaswa. Nyumba yenye mgonjwa wa pumu usiingie bila hilo, utamfukuzia vumbi kutoka sakafuni hadi kifuani.

Neno fupi juu ya mashine za maji. Pipa linaloitwa "la maji na vumbi" hufyonza maji yaliyomwagika, lakini halinyunyizi. Ya kuoshea mazulia hunyunyiza maji kwa shinikizo na kuyafyonza papo hapo, na ina matangi mawili, la maji safi na la maji machafu. Ukiichagua, pima nguvu ya kufyonza kuliko ya kunyunyiza, kwa sababu maji usiyoyatoa ndiyo yatakayokuharibia jina. Na zulia lililooshwa na wengine kwa sabuni nyingi litatoa povu mpaka lifike kwenye mota, basi weka dawa ya kuua povu au siki nyeupe kidogo kwenye tangi la maji machafu.

Kisha kuna jambo ambalo mwongozo wa mashine ya ng'ambo hautakueleza: utaibebaje? Basi linaishia Mokowe, upande wa bara. Kutoka hapo ni boti, ukishuka gatini ni mkokoteni wa hamali, punda, au bega lako, na kwenye nyumba yenyewe kuna ngazi nyembamba za mawe mpaka orofa ya juu. Mwaka 1901 Mwingereza Hubert Cecil Booth alitengeneza mashine ya kufyonza vumbi kubwa kiasi kwamba ilivutwa na farasi, ikaegeshwa barabarani, mipira ikapitishwa madirishani. Angekuja mtaa wetu wa Mkomani sijui angeiegesha wapi, na sisi punda wawili wenye mizigo wakikutana kichochoroni lazima mmoja arudi nyuma. Mashine kavu ikizidi kilo kumi, mwisho wa siku mgongo utakudai. Magurudumu makubwa ya mpira yanasaidia, yale madogo ya plastiki yanavunjikia kwenye jiwe la kwanza.

Kazi za misikiti zina hesabu zake. Mazulia ya safu kwa kawaida yana nyuzi fupi, kwa hiyo hapo kichwa kipana kinashinda kichwa chenye nguvu. Unaingia baada ya adhuhuri na lazima uwe umetoka kabla ya alasiri, soketi ni chache na ziko mbali, kwa hiyo waya wa mita 15 si anasa. Pia kuna watu wamebaki wakisoma Kurani, nawe usiwaletee mngurumo. Shaabani ikiingia kila msikiti unataka kusafishwa kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, na msimu wa Maulidi wageni wa Msikiti wa Riyadha wakianza kufika, nyumba za mtaa wa Langoni nazo zinakuita. Mashine iliyoko kwa fundi msimu huo ni hasara ya mwaka.

Juu ya stima: yetu ni volti 240. Mashine ya mtumba kutoka Marekani ni ya volti 120, ukiichomeka imekufa siku hiyo hiyo, hata muuzaji aape kwamba adapta ya plagi inatosha. Za Uingereza na Dubai hazina shida hiyo. Nyumba nyingi za wageni Shela zina sola, basi uliza inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola kuwa wa plagi, inabeba wati ngapi, na ukumbuke mota inapowaka huvuta zaidi ya ilivyoandikwa. Hapa ndipo mashine ya wati chache yenye kichwa kizuri inapokulipa.

Mwisho ni vipuri. Mkanda wa brashi hukatika, mifuko huisha, vipande vya kaboni ndani ya mota huliwa, na chumvi ya hewa yetu hushika kila skrubu isiyo ya chuma cha pua. Siku unayonunua mashine, nunua na mikanda miwili na pakiti ya mifuko, uvione kwa macho vikitoka rafuni. Muuzaji akikwambia "vitakuja wiki ijayo", vuka barabara ujaribu duka la pili.