Uwanja mzuri ila hakuna watu

Umeuliza mbona uwanja wa wazi wa kupumzikia mjini umewekwa vigae vizuri na taa ila watu wanapita tu, mara nyingi shida ni ndogo, hakuna pa kukaa. William Whyte, mtafiti Mmarekani wa maisha ya mjini, miaka ya 1970 alikua anawarekodi watu kwa kamera kwenye viwanja vya New York akaona wanakaa pale penye viti, basi. Na kiti kisichofungwa chini ndo kizuri zaidi aisee, mtu anakisogeza kidogo tu hata nusu hatua afu ndo anakaa, anataka achague mwenyewe. Bryant Park, bustani ya umma hukohuko New York, watu walikua wanaiogopa, wakapunguza vichaka vilivyokua vinaficha ndani, wakaongeza njia za kuingilia, wakaleta viti vya kusogeza, ikafunguliwa tena 1992 na inajaa mpaka leo.